Mahari pa Kazi: Maisha ya Mama Yetu Avelina

Baba Paroko, Tumsifu Yesu Kristu. Wazee wangu wa Mabawe, shikamooni, ndugu zetu Waislamu mliotoka Nyakanazi na gari la alfajiri, asalaam aleikum, na wafiwa wenzangu wote, poleni sana. Mimi ni Teddy Renatus, mtoto wa pili wa marehemu, nina mgahawa pale stendi ya Nyakanazi, na nimesimama hapa kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya mama yetu, Avelina Anatory, tunayemzika leo Jumatano, tarehe 12 Machi 2025. Niseme jambo moja mapema ili mtu asishtuke katikati: karatasi hii iliandikwa na Baba yetu Mdogo Hakizimana, katibu wa kamati ya mazishi, nami jana mchana kwenye kikao niliikataa sehemu yake moja, tukabishana, nikaambiwa niisome kama ilivyo au nimwachie mwingine kipaza sauti. Kipaza sauti ninacho mimi. Anayetaka kuninyang'anya asubiri kwanza nimalize.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Februari 1963, hapa hapa Mabawe, wilaya ya Ngara, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Anatory na bibi Irine, ambao wote wametutangulia, akabatizwa Pasaka ya mwaka huo huo, na wanaomkumbuka utotoni wanasema alikuwa mtoto wa kucheka ovyo, akicheka hata kanisani, mpaka akafinywa.

Mwaka 1972 alianza darasa la kwanza katika shule ya msingi ya hapa kijijini, akasoma vizuri, hesabu zikiwa ndizo alizozipenda kuliko zote, mpaka alipofika darasa la tano mwaka 1976, ambapo karatasi ya Baba Mdogo inasema aliacha shule kwa sababu za kifamilia. Sababu hizo naomba nizitaje. Bibi Irine alijifungua mapacha, akaugua, maziwa yakakauka, na mzee Anatory akaamua binti mkubwa arudi nyumbani, basi binti akarudi, akiwa na miaka kumi na mitatu, akabeba mmoja mgongoni na mwingine kifuani. Mmoja wa hao mapacha ni mjomba wetu, afisa kilimo, yule pale mbele mwenye miwani. Mjomba, usiinamishe kichwa, wewe hukuomba kuzaliwa, lakini watu wajue kwamba hiyo shahada yako ilianzia mgongoni kwa dada yako. Na yeye mpaka anakufa hakuwahi kulisema hilo kwa uchungu, uchungu ni wangu.

Katika ndoa, marehemu alifunga ndoa takatifu siku ya Jumamosi, tarehe 14 Julai 1984, na baba yetu Renatus, kijana wa upande huu wa bonde, kwa mahari ya ng'ombe wawili, majembe, na pombe ya ndizi ambayo wazee waliokuwepo bado wanaisifia.

Sasa tumefika kwenye kazi. Naisoma karatasi herufi kwa herufi, kama ilivyoandikwa: "Mahari pa kazi: hakuna. Marehemu hakubahatika kufanya kazi, alikuwa mama wa nyumbani."

Chekeni, ruhusa, hata jana wajumbe walicheka. Kwetu huku l na r ni ndugu wa tumbo moja, kila moja hulala kitandani kwa mwenzake, na Baba Mdogo alikusudia kuandika mahali. Kamati ikasema hiyo herufi isahihishwe, nami nikasema hapana, liacheni hilo neno, ndilo pekee la kweli katika mstari mzima. Mahali pake pa kazi si alipelekwa kwa mahari? Ng'ombe wawili walivuka bonde kwenda kwa mzee Anatory, Avelina akavuka bonde kuja huku, na kesho yake, harusi haijapoa, akaamka akafagia uwanja wa watu waliokuwa bado wamelala. Kama hiyo haikuwa siku ya kuripoti kazini, basi mnieleze ilikuwa nini. Nilichokifuta mimi ni hayo yanayofuata, eti hakubahatika kufanya kazi. Nimeyasoma mara moja ili myasikie, na siyarudii.

Marehemu, basi, alifanya kazi. Alianza kwa kumuuguza mama mkwe wake, bibi yetu mzaa baba, aliyekuwa amelala kitandani hawezi kujigeuza, akamwogesha, akamlisha, akamfulia, huku analima maharage na kupalilia migomba, huku ana mimba ya kaka yetu Anatory, mpaka bibi alipofunga macho mwaka 1991 akimwita Avelina mama yangu. Hospitalini mtu anayefanya hivyo huvaa sare na kuitwa nesi.

Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa kambi ya Benaco, baba alipata ajira ya kutunza ghala kambini, na ajira hiyo sote tuliiheshimu, ilitusomesha, siibezi. Lakini lile shati jeupe la ghalani lilifuliwa na nani, likakaushwa juu ya moto wakati wa masika, likanyooshwa kwa pasi ya mkaa kabla jogoo hajawika? Na mwaka huo huo, jioni moja, baba alirudi amembeba mtoto wa kike asiye na mtu wake yeyote, kichwa kikubwa, miguu kama ya kuku, akamkabidhi Mama mlangoni, kisha asubuhi akarudi kazini. Ndivyo tulivyozoea kusema, baba amerudi kazini. Mtoto alikuwa anaharisha na halali, analia kwa lugha inayofanana na yetu, anamtafuta mama yake, na Mama akabaki naye kifuani siku baada ya siku, yeye ambaye hana kazi. Mtoto yule ni Uwimana, yule pale aliyeshika picha ya marehemu.

Kambi ilipofungwa baba akapata kazi ya ghala katika kampuni ya malori, tukahamia Nyakanazi, wilaya ya Biharamulo, mwaka 1997. Mnaoijua Nyakanazi ya wakati ule mnajua ninachosema: njiapanda, malori yamelala hadi mlangoni, gesti kushoto, gesti kulia, madereva wana pesa ya safari na maneno matamu, na Mama ana mabinti wanne ndani ya nyumba ya kupanga. Alituvusha sote. Alijua nani katoka, karudi saa ngapi, kavaa nini na hiyo soda kapewa na nani, na siku dereva mmoja alipoanza kuniletea chipsi dukani, jirani na kituo cha mafuta, Mama alimfuata hadi kwenye lori lake, akapanda ngazi, akaongea naye kwa adabu kabisa, na kijana yule tangu siku hiyo alikuwa akinunua mafuta kituo kingine. Ile ilikuwa kazi ya ulinzi, jamani, na walinzi wengine hupewa buti na tochi.

Leo mimi napika wali na maharage pale stendi, abiria wanakula wanalipa, na serikali ya mtaa inaniita mjasiriamali, nimepewa hadi leseni. Upishi huo nilifundishwa na Mama, maharage ni yaleyale, kitunguu ni kilekile. Yeye alipoyapika, watu wakala wakashiba bila kulipa, aliitwa yupo tu.

Na hilo la yupo tu nitalisema, kwa sababu nililisikia kwa masikio yangu. Tarehe 28 Novemba 2015 kampuni ilimfanyia baba sherehe ya kustaafu, ukumbi ukapambwa, akapewa cheti chenye fremu na baiskeli mpya, na mshereheshaji akamuuliza mbele ya watu, je, mama mwenye nyumba anafanya kazi gani? Baba, bila ubaya wowote, kwa furaha tu ya siku ile, akajibu, "Mama? Yupo tu nyumbani." Watu wakapiga makofi, mshereheshaji akaita, mama yupo wapi asimame tumwone, na Mama hakusikia, kwa sababu alikuwa nyuma ya ukumbi anapakua chakula cha hao hao waliokuwa wanapiga makofi. Alipofuatwa akaja mbio, kanga imelowa, anapangusa mikono, na alipofika mbele makofi yalikuwa yameisha na watu wamekaa. Akatabasamu, akarudi kwenye sufuria.

Wazee wangu, methali tunayo. Kila harusi mnasimama na kutuambia kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mnaisema vizuri, mnapigiwa vigelegele. Mbona siku ya kumzika aliyelea mnaandika hakubahatika? Ama methali ni uongo, ama karatasi ni uongo, na mimi wazee wangu siwezi kuwaita waongo.

Jana kwenye kikao baba alinyamaza muda wote, nami nikadhani amekubaliana na kamati, iliniuma sana. Leo asubuhi nikiwa jikoni nilimwona amesimama mlangoni, mahali ambapo wanaume wa rika lake hawafiki, akaniambia, "Andika tarehe. Aliripoti tarehe 15 Julai 1984, ameacha tarehe 9 Machi 2025, hakupewa likizo. Aliyemwajiri ni mimi, andika jina langu. Na uandike kwamba asante sikuitoa." Baba, nimeandika. Imesomwa.

Marehemu ameacha mume na watoto watano, nao ni Anatory, mimi Teddy, Priscila, Uwimana na Joyness, pamoja na wajukuu ambao wengi wao wapo hapa na wengine wanapanda juu ya gari la Paroko, washusheni jamani. Kwenye karatasi Uwimana alikuwa amewekwa kwenye mabano, akaandikwa mtoto wa kulea. Mabano nimeyatoa. Sote watano ni watoto wa kulea, hakuna kati yetu aliyejilea mwenyewe.

Mwaka jana, tarehe 19 Agosti 2024, marehemu, ambaye baada ya baba kustaafu alikuwa amerudi naye hapa Mabawe, alianguka kwenye migomba akiwa anakata majani, akakimbizwa hospitali ya wilaya, ikaonekana shinikizo la damu lilikuwa limepanda na kusababisha kiharusi, akapewa rufaa kwenda Mwanza, akatibiwa kadiri ilivyowezekana, na mwezi Oktoba akarudishwa hapa nyumbani, upande wa kulia haufanyi kazi na maneno hayatoki vizuri. Hapo ndipo mji huu ulipojua nani alikuwa anaushikilia. Tulipokezana zamu kuja kusaidia, watu wazima wenye akili zetu, na bado mji ulitushinda, maharage yakaungua, ndama akaingia shambani kwa jirani, watoto wakaenda shule na soksi za watu wengine. Baba alinipigia simu Nyakanazi akiniuliza chumvi inakaa wapi. Katika nyumba yake mwenyewe! Mama alikuwa amelala palepale, mdomo umepinda, akanyoosha kidole cha kushoto kuonyesha kopo, na baba anasema aliona machoni mwake kwamba anacheka. Baada ya siku ile baba alijifunza, nasema kweli, alijifunza kupika uji, kumwogesha na kumgeuza, na siku moja aliniambia kazi hii mwanangu haina jioni.

Siku ya Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, saa mbili asubuhi, baba akiwa anamkorogea uji, mama yetu alifariki dunia kitandani kwake, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali zote mbili waliomhudumia kwa upole, inamshukuru Baba Paroko aliyemletea sakramenti ya wagonjwa, majirani wa Mabawe mliochimba kaburi na kukesha nasi, na mzee Shaban wa Nyakanazi aliyetoa gari lake bila kuulizwa. Kwa desturi hapa hushukuriwa pia wafanyakazi wenzake marehemu, na kwenye karatasi sehemu hiyo ilirukwa. Mimi siruki. Wafanyakazi wenzake wapo, ila hamwaoni kwa sababu hawako hapa chini ya turubai, wako nyuma ya nyumba, wanapika chakula tutakachokula tukitoka kaburini: yupo mama Zawadi, mke wa mzee Shaban, yupo dada Arafa, yupo shangazi, wapo wanawake wa jumuiya, na hakuna hata mmoja aliyepata nafasi ya kuja kukaa asikilize. Mama siku ile ya ukumbini hakusikia alipoitwa, kwa sababu alikuwa jikoni. Kwa hiyo nimemwomba fundi wa muziki ageuze spika moja ielekee kule nyuma, na ndiyo maana sauti huku mbele ni ndogo, mtuvumilie. Mama zangu na dada zangu mnaonisikia huko kwenye moshi, familia ya marehemu inawaambia asanteni kwa kazi.

Na wewe Mama, nina neno lako moja tu. Baba Mdogo alimalizia karatasi yake kwa kukutakia upumzike, na hapo sikubadilisha hata herufi, maana neno hilo haambiwi mtu aliyekaa tu, huambiwa aliyechoka, na hachoki ila aliyefanya kazi. Kazi umeifanya, Avelina binti Anatory. Weka chini sasa, sisi tutaokota. Pumzika, Mama, kwa amani.