Bakuli la Raba la Anti Araba

Baada ya miaka thelathini na minne katika maabara ya fizikia ya chuo chetu hapa Saltpond, Bibi Araba Quansah, Anti Araba wetu, anastaafu rasmi tarehe 30 Septemba 2025. Aliajiriwa kuosha vyombo. Miaka sita baadaye alikuwa fundi mkuu wa maabara, na tangu hapo hakuna mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyeingia bila kusachiwa mlangoni.

Sitanii. Alikuwa na bakuli la plastiki, la kubebea kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi, na humo zilitupwa raba za kufutia na penseli zetu zote. Ndani ya maabara ilikuwa wino tu. Kipimo kiandikwe palepale kwenye daftari, si kiganjani wala kwenye kikaratasi, pamoja na namba ya kifaa. Ukikosea, kata mstari mmoja, kosa libaki linasomeka. "Hilo kosa lina kazi yake, mnalifutia nini?" alitugombeza. Tulimwona msumbufu, na baadhi yetu tulificha raba kwenye soksi.

Mwaka 2004 tulipima mvutano wa dunia kwa jiwe linalobembea kwenye uzi. Mwenzetu Ekow Bilson akapata 9.1. Sisi wengine wote tulipata 9.8, kama kitabu kinavyosema. Mhadhiri akampa sifuri, na kwa sifuri ile Ekow angepoteza nafasi yake chuoni.

Anti Araba akaomba daftari la Ekow. Mabembeo ishirini, sekunde 41.6, amerudia mara tano, saa namba saba. Akaichukua saa hiyo akailinganisha na ya ukutani: kila dakika ilikimbia mbele sekunde mbili na ushei. Ekow alipima vizuri, saa ndiyo mbovu. Sifuri ikafutwa.

Kisha akauliza nani mwingine aliitumia saa ile. Ni mimi, siku moja kabla, na daftari langu lilisema 9.8. Akapitisha kidole mahali karatasi ilipokwanguka kwa raba. Nilitamani ardhi inimeze.

"Ewurabena, kumbe soksi sikukagua," alisema, akanyoosha mkono. Nikampa raba, naye akanipa kalamu. "Mstari mmoja. Halafu andika ulichokiona."

Hakunishtaki. Nilijipeleka mwenyewe kwa mhadhiri, na sifuri ya Ekow ikahamia kwangu.

Sasa somo hilo nalifundisha mimi. Anatuachia kabati lenye kumbukumbu za kila kifaa alichokitengeneza, hakuna ukurasa uliochanwa, na mafundi wanne aliowafunza mwenyewe. Wiki iliyopita alinikabidhi bakuli. Ndani mlikuwa na raba moja tu, yenye herufi zangu, E.A. Ameitunza miaka ishirini na mmoja bila kumwambia mtu, kwa hiyo nawaambia mimi, kwa wino.

Asante, Anti. Nenda ukapumzike, ule kenkey yako ikiwa moto, na afya isikupungukie. Mlangoni nitasimama mimi, na soksi nitakagua.

Ewurabena Arhin, Idara ya Fizikia