"Hii" Ni Ipi, Mwalimu?

Benchi letu linatazamana na geti la chuo, na kila anayekaa hapo na kikombe cha kahawa hugeuka mtaalamu. Mimi nashona viatu pembeni, nasikia yote, siku nyingine najuta. Leo mhadhiri wa hesabu, tunayemwita Takwimu, kaja na kompyuta kwapani, uso umemshuka. Mwanafunzi wake asiyeona anataka kuacha somo lake la mtandaoni kwa sababu haambulii kitu. Fomu ya kujitoa inataka saini ya mwalimu kabla ya saa kumi jioni.

— Sisaini ng'o! Takwimu akafoka. Maandishi nimeyakuza hadi yamejaa kioo.

— Kwa asiyeona? akauliza Breki, dereva wa basi la chuo.

— Nilianza na nilichokijua, bwana!

— Tatizo sauti, akadakia Kipaza, fundi redio. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ongeza sauti!

— Masikio anayo, Kipaza, Takwimu akajibu. Mazima kuliko yako.

— Basi video ni chache, Kipaza akang'ang'ania. Penye wengi hapaharibiki neno. Rekodi mia!

— Mia za nini? Nampakia Takwimu kwenye basi, Breki akasema, Kipaza anafunga spika juu, tunazunguka mji. Jioni mji mzima una digrii.

— Chekeni. Huyu binti haondoki. Miaka ishirini nafundisha, sijawahi kumpoteza mtu kwa uzembe wangu.

Nikampenda kwa hilo, nasema kweli.

Mara akafika dada mmoja na fimbo nyeupe, kaelekezwa na mlinzi.

— Shikamoo, mwalimu. Nimeleta fomu.

— Marahaba, binti. Keti. Kila kitu nimekisema kwa sauti. Umekwama wapi?

— Somo la kwanza, dakika ya pili. Unasema, "Chukua hii, gawanya kwa ile pale, unapata hii hapa." Mwalimu, "hii" ni ipi?

Takwimu akafungua kompyuta, akaliwasha somo la kwanza. Breki akafunika kioo kwa kofia.

— Jibu bila kutazama.

Tukasikiliza. Hii, ile pale, hii hapa. Takwimu mwenyewe hakujua "hii" ni ipi. Nilimwonea huruma.

— Masomo yapo kumi na mawili, akasema mwishowe. Narekodi upya yote.

— Fomu mwisho saa kumi, mwalimu.

— Tuna saa mbili. Naanza la kwanza hapa hapa. Nikisema "hii", nikatize.

— Nikukatize mwalimu wangu?

— Kila mara. Haya: wanafunzi arobaini, gawanya kwa hii...

— Mwalimu!