Umulkheir na Funza wa Mtaro wa Nakivubo

Ndugu waombolezaji, dada yetu, Dakta Umulkheir Yasiin, alizaliwa Kisenyi, hapa Kampala, tarehe 14 Aprili 1979, mtoto wa tatu wa hayati Mzee Yasiin, muuza vitambaa wa soko la Owino, na Bi. Rukiah, mama yetu, ambaye tuko naye hapa mkekani. Alisoma shule ya msingi hapahapa mtaani, akamaliza sekondari mwaka 1998, kisha akasomea elimu ya viumbe Makerere mpaka akapata udaktari wake mwaka 2012.

Tarehe 2 Septemba 2006 aliolewa na Swaibu, dereva wa lori, wakajaliwa Nusura na Rafiq, na nyumba yao haikukosa funza wekundu wa mtaroni ndani ya friji, hata shemeji akalalamika kwamba yeye ndiye mke mdogo.

Funza hao aliwamulika kwa mashine ya spektroskopia, ambayo kwa mwanga tu husoma mafuta na protini za mwili, akisema mdudu hana mshahara wa kulinda, kwa hiyo haongopi. Mwaka 2023 miili ya funza waliotoka kando ya chemchemi wanapoteka maji majirani zetu ilimwonyesha sumu ya kiwandani, akaomba chemchemi ifungwe.

Ofisi inayosimamia maji ya mji ikatuma watu wake, nao, kwa kuwa desturi yao ni kutia kila mdudu kwenye spiriti, wakawatia, ingawa aliwaeleza na kuwasihi kwamba spiriti huyeyusha mafuta yaleyale yanayotakiwa kusomwa, ni sawa na kufua shati lenye damu kabla ya kesi. Wakapima makapi, wakatangaza maji ni salama, na mkutanoni wakamwita Mama Funza, watu wazima na tai zao. Jambo hili limetuuma, na hatutalifunika kwa sanda.

Januari 2025 aligundulika ana saratani ya ini, akafariki jana alfajiri, tarehe 9 Novemba. Hatusemi mtaro ndio uliomuua, kwani mwenyewe hakupenda mtu aseme kisichopimwa, tunasema aliomba chemchemi ifungwe, na mpaka leo watoto wanateka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa maabara, na majirani waliotupikia tangu jana. Tunawashukuru pia wakubwa wa ofisi ile kwa kufika, tumewapa viti vya mbele, na tumeona kwamba maji ya kunywa mmekuja nayo wenyewe, ya chupa.

Umulkheir, Mola akurehemu, umemaliza kuwaeleza.