Dorkas Mughwai na Ukumbi wa Tembe

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Wazee wangu mlio karibu na redio, shikamooni. Leo nina msiba, na nina hasira kidogo. Vyote viwili mtavisikia.

Amefariki Dorkas Mughwai. Amezikwa nyumbani kwake, Unyambwa. Kama jina hilo hulijui, si kosa lako. Ni letu sisi tunaoshika vipaza sauti. Tumewataja mabondia, tumewataja waamuzi, hata wapiga filimbi. Mwanamke aliyewajengea mahali pa kuchezea hatukumtaja. Narudia ili anayechelewa asikie: Dorkas Mughwai ndiye aliyewajengea watu wa Singida mjini ukumbi wao wa michezo ya ndani.

Ilikuwa zama za Mwingereza, miaka ya hamsini ikianza. Upepo wa Singida mnaujua. Kiangazi unapiga mpira golini, upepo unaupeleka kwa jirani, na macho yote yamejaa vumbi. Mabwana walikuwa na klabu yao yenye ukumbi wa mbao, safi, vumbi haliingii hata chembe. Dorkas alikuwa akifua vitambaa vya meza pale. Kaka yake, Ignas, alikuwa amerudi kutoka vita vya Burma na glavu za ngumi. Akaenda kuomba awafundishe vijana humo, siku ambazo ukumbi hautumiki. Akajibiwa kwamba ruhusa ya kuingia anayo, akija kufagia.

Dorkas aliposikia, alimwambia, "Kaka, shika glavu zako. Ufagio waachie wenyewe. Tutajenga wetu."

Watu walicheka. Mjane huyu, watoto watatu, hana bati, hana saruji! Lakini tembe alikuwa anaijua. Ninyi mliozaliwa chini ya bati, sikieni. Tembe ni nyumba yetu ya asili. Paa lake ni bapa: boriti, fito, na udongo ulioshindiliwa juu yake. Wanaume husimamisha nguzo, wanawake hukandika paa. Mavuno yakiingia, mtama huanikwa huko juu, na akina mama hupanda kuugeuza. Paa la tembe ni la kukanyagwa.

Shida ya tembe ni ufupi. Bondia hapigani ameinama. Basi wakachimba kwenda chini, mpaka mtu mrefu akasimama na kurusha mpira. Miti migumu ikaletwa kutoka Mitundu kwa lori. Kwa nje uliona nyumba ndefu imechuchumaa. Ukishuka ngazi za udongo, unakuta ukumbi.

Na humo ndani wakafanya kosa. Walisimamisha nguzo katikati, kama nyumbani. Nani hujenga tembe bila nguzo za kati? Siku ya kwanza ya netiboli, binti mmoja wa misheni, Martina, alirukia mpira akakumbatia nguzo. Kuziondoa hakuwezekani, paa lingekuja lote. Ignas akafunga kamba kwenye nguzo nne za kati, likawa jukwaa la ngumi. Kamba zikifunguliwa, netiboli ilichezwa kwa kuzunguka nguzo. Siku nyingine mieleka, siku nyingine kwaya. Mtoto wa marehemu, Mzee Zefania, aliniambia juzi, "Timu za mbali zilipigwa na nguzo kabla hazijapigwa na sisi."

Ukumbi ukajaa. Na Waafrika wakijaa mahali pamoja, kuna mtu anakosa usingizi. Ofisa mmoja wa serikali, ambaye leo simtaji kwa sababu msiba si wake, akatoa amri. Paa la udongo ni hatari, litaanguka liue watu. Libomolewe Jumatatu. Ndani hakuwahi kutia mguu.

Kazi akapewa nyapara Antipasi na vibarua wake. Watu walitegemea Dorkas aende ofisini kulia. Hakwenda. Alidandia lori la ngozi mpaka Iguguno, kumtafuta Bibi Anastasia. Bibi Anastasia ni nani? Ni mama mkwe wa Antipasi.

Wasikilizaji wapendwa, heshima ya mkwe mnaijua. Mwanamume wa kwetu akimwona mama mkwe njiani, anaiacha njia. Hamshiki mkono. Wala hamwinulii sauti, sembuse sululu. Dorkas alipita kijiji kwa kijiji akiuliza swali moja tu: kibarua fulani ameoa kwa nani?

Jumatatu asubuhi paa lilikuwa limejaa akina mama. Wameanika mtama, wameketi, miguu wameinyoosha. Mbele kabisa, Bibi Anastasia.

Antipasi alifika na sululu begani. Akainua macho, akayashusha haraka, akajifunika uso kwa kofia.

"Panda!" ofisa akaamuru.

"Bwana, siwezi. Yule ni mkwe wangu."

"Na yule wa pembeni ni wangu," kibarua wa pili akasema, tayari amegeuka nyuma.

"Nitakufunga!"

Antipasi akajibu, "Nifunge, bwana. Jela nitatoka. Kwenye aibu ya mkwe sitatoka."

Ndipo Dorkas akasimama kule juu. "Bwana, umesema paa hili litaanguka. Sisi wote tuko juu yake, na mtama wetu. Wewe shuka ndani ukalisubiri. Likikuangukia, umeshinda!"

Kicheko kilisikika mpaka sokoni. Akina mama wakainuka, wakaimba, wakalikanyaga paa lile kwa ngoma ya mavuno. Chini yao Ignas na vijana wakaendelea na mazoezi. Udongo kidogo ulidondoka, basi. Mzee Zefania anasema, "Mama alituambia aliogopa sana. Alicheza ili watu wasiione hofu yake."

Ofisa alishinda pale mpaka jua likamchoka. Hakuingia ndani. Akaondoka, na sululu haikurudi tena.

Haikuwa bure. Dorkas alifukuzwa klabuni. Antipasi alifungwa kweli, na Bibi Anastasia alikaa mjini akimpikia, chakula akikiacha kwa askari ili wasionane. Namheshimu sana mama yule.

Miezi ikapita. Mjumbe akaja na maneno matamu. Serikali inaupa ukumbi huu zawadi: paa jipya la bati, udongo wote uondolewe. Vijana wakashangilia. Hata Ignas alifurahi. Dorkas akamuuliza mjumbe, "Hilo bati, tukilipanda sote litatubeba?"

Mjumbe akacheka. "Mama, bati si la kupandwa."

"Basi lirudishe."

Walilirudisha. Uhuru ulipokuja, ulishangiliwa chini ya udongo uleule, na juu yake.

Mzee Zefania, dada zako, wajukuu, na ndugu wote wa Unyambwa na Iguguno: poleni sana. Mungu awatie nguvu, na amlaze mama yetu pema. Nasi tuliobaki tutafakari. Siku mtu aliyetaka kukubomolea anapokuja kukujengea, usikimbilie kusema asante. Muulize kwanza kama paa lake litakubeba siku utakapohitaji kusimama juu yake.