Umri wa Mzee Sylvesta

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule; Mkuu wa Shule, walimu na wazazi wetu,

KARIBU
Sisi wanachama wa Klabu ya Sayansi, Sekondari ya Lambo Juu, Karatu, tunakukaribisha kwa heshima, ingawa mwaka huu wa 2005 hatuna uso wa kusherehekea.

HISTORIA
Klabu ilianzishwa mwaka 2002 na Mwalimu Eliaichi, aliyekuja kutoka Machame na boksi la magazeti ya sayansi. Alitufundisha kukadiria uzito wa nyota zilizolipuka katika galaksi za jirani. Nyota ikishalipuka haipimiki tena, basi hutazamwa zile zilizozaliwa pamoja nayo. Umri wa hizo ukijulikana, na wa marehemu umejulikana. Na kwa kuwa nyota nzito hufa mapema, umri hutaja uzito. Mwenzetu Nashilu, Mmasai wa Olbalbal, alielewa kabla yetu sote: "Kwetu mzee haulizwi miaka, anaulizwa rika lake."

MAFANIKIO
Tulikadiria nyota moja kuwa na uzito wa Jua mara kumi na tano. Tukapewa cheti, vichwa vikavimba.

MATATIZO (wakubwa hupenda tuseme changamoto)
Mwezi Machi ofisi ya shule ilitaka umri wa mpishi wetu, Mzee Sylvesta, asiye na cheti cha kuzaliwa. Tulijitolea kuukadiria kwa njia ile ile ya nyota. Tuliwauliza umri wao vibarua wa shamba la kahawa anaoishi nao kambini tangu atoke Singida. Wote wamevuka sitini. Tukaandika sitini, akastaafishwa wiki ile ile.

Mwalimu alikuwa ametuonya kwamba nyota jirani si lazima iwe ndugu. Nyingine imesimama tu mbele yake kwenye picha. Tulisahau. Wale walitangulia kambini, yeye alifika bado kijana mdogo. Sasa parokia ya kwao imeleta barua: alibatizwa akiwa mchanga, 1953. Ana miaka hamsini na miwili. Tulipokwenda kumwomba radhi alisema, "Wanangu, nyie ndio mmesoma. Nilidhani mimi ndiye nimesahau." Tulilia mbele yake.

OMBI
Mheshimiwa, hatuombi darubini. Tunaomba Bodi isome barua ya parokia, ifute karatasi yetu, Mzee arudi jikoni. Tukikosea uzito wa nyota, yenyewe imekwishakufa, haidhuriki. Mzee Sylvesta yu hai na ana wanaomtegemea. Pilau utakayokula baada ya risala hii ameipika yeye, kwa kibarua cha leo tu.

Mungu akurudishe salama kwako, na akupe moyo wa kutusikia.

Ni sisi,
Klabu ya Sayansi, Lambo Juu.
Imesomwa na Anneth Joel, katibu, aliyeandika ile sitini kwa mkono wake.