Mshahara wa Chiang Mai Nilioutunga Mimi

Kabla sijaanza, naomba mwenye simu mkononi aiweke chini. Sikatazi kwa ubaya. Nitakayoyasema yana watu ndani yake, na wengine bado wana maadui. Kwa hiyo sitamtaja mtu jina, na langu mnalolijua lisitoke nje ya ukumbi huu. Waislamu wenzangu, asalamu alaykum. Nyinyi wa kanisani, amani iwe nanyi. Na waliofuata chai na sambusa tu, karibuni vilevile, nanyi mtasikia.

Nitasimama. Nyonga yangu haipendi viti.

Mimi mzaliwa wa Pemba. Hapa London nina miaka kumi na tisa. Wengi wenu tumejuana kwenye kazi ya kuangalia wazee: kuogesha, kulisha, kumgeuza mgonjwa kitandani, kisha kukimbilia basi, kisha nyumba nyingine. Mume tuliachana, nikabaki na binti mmoja. Mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza, na tunaelewana hivyo hivyo. Tulikaa chumba kimoja hapa Ilford, ukuta una ukungu mweusi, mtoto anakohoa kutwa. Mwenye nyumba akapandisha kodi mara ya pili ndani ya mwaka mmoja. Nikaongeza zamu. Nikawa nasinzia kwenye treni mpaka napitishwa kituo.

Ndipo nikaliona tangazo kwenye kundi la WhatsApp la Waswahili. Hoteli huko Chiang Mai, Thailand, inatafuta mpokea wageni anayejua Kiingereza. Mshahara elfu sitini kwa mwezi, kwa baht, pesa ya huko. Chumba chenye kiyoyozi, elfu tano. Sahani ya wali na kuku, hamsini. Kukodi pikipiki, kiasi fulani. Umeme, maji, simu, kila kitu na bei yake, mstari kwa mstari. Nikaishika kalamu, nikapiga hesabu nyuma ya bahasha ya kodi. Kinachobaki kwa mwezi kilikuwa kingi kuliko nilichopata kukiona tangu nishuke Heathrow. Nikajiambia, mtu gani ataongopa mpaka bei ya umeme?

Mdogo wangu alicheka. Akaniambia, "Dada, hoteli ya Thailand imekosa Mthai wa kupokea wageni mpaka ikufuate wewe Ilford?"

Nikamjibu, "Wewe una mume wa kukulipia nyumba, ndiyo maana unacheka."

Neno lile lilimchoma, nami nililitia makusudi. Hata hivyo alimchukua binti yangu akae kwake miezi sita. Mimi nikapanda ndege.

Bangkok nilifika asubuhi. Dereva alikuwa na kibao chenye jina langu, kijana mpole, akanipa maji na biskuti. Tukaenda, tukaenda. Nilipouliza Chiang Mai bado, akasema bado kidogo. Jua likaanza kushuka mbele yetu, kwenye kioo, na mimi sikuwa na akili ya kujiuliza kwa nini tunaelekea magharibi wakati ramani niliyoitazama London ilisema kaskazini. Tukafika mto mdogo wa maji ya tope. Wanaume wawili wenye bunduki wakafungua mlango. Wakanivusha kwa mtumbwi wa mashine, dakika mbili tu, nikawa nchi nyingine bila kugongewa muhuri.

Kulikuwa na ukuta, na juu ya ukuta waya wa miba. Ndani, majengo mapya ya ghorofa, kama hosteli za chuo. Wakachukua paspoti na simu. Nikasema kwa sauti, tena kwa Kiingereza changu chote, "Mimi ni raia wa Uingereza, nataka kurudi nyumbani."

Mlinzi hakubishana nami. Alinipiga kofi la sikio, nikaenda chini. Nilipotaka kuinuka alinikandamiza kirungu cha umeme mbavuni. Ndugu zangu, nakwambieni, mwili unaruka wenyewe. Niliuma ulimi mpaka damu ikajaa mdomoni, na nikajikojolea mbele ya watu ambao hawakugeuza hata shingo. Waliendelea kuchapa kwenye kompyuta.

Aliyeniinua alikuwa Mkenya, mtu wa Pwani, meno ya mbele hana. Walikuwa wamemfanya msimamizi wetu sisi tunaojua Kiswahili. Akaniambia polepole, "Mama, neno hilo la nyumbani usiliseme tena. Hapa kuna kuandika tu."

Na kuandika kwenyewe ni nini? Matangazo. Yale yale. Wengine walitapeli watu pesa mtandaoni; kazi yangu mimi ikawa kuleta watu wapya, kwa kuwaandikia Waswahili popote walipo kuhusu maisha ya Chiang Mai: mshahara, kodi ya chumba, bei ya wali, ada za skuli. Mimi, ambaye Chiang Mai sijaikanyaga mpaka leo hii. Na aibu yangu nitaisema mbele yenu: niliyaandika vizuri. Wakubwa wale hawakujua maskini anapiga hesabu vipi. Mimi nilijua. Nilijua kwamba mshahara usipande sana, kwa sababu ukizidi mno mtu anashtuka. Nilijua kutia bei ya sabuni. Nilitia hata duka la nyama halali karibu na msikiti, nikataja na umbali wake wa kutembea. Mama wa watoto wawili akiuliza, namjibu kama dada yake.

Asiyefikisha idadi ya watu aliotakiwa kuwanasa alitolewa uani saa sita mchana, apige magoti juu ya kokoto, mikono juu, na akishusha mkono anapigwa bomba la maji mgongoni. Nilitolewa mara nne. Mara ya nne walinipiga nyongani, na ndiyo sababu leo mnaniona nimesimama. Baada ya hapo nilifikisha idadi kila wiki. Wakanitaka nimpigie mdogo wangu, mlinzi amesimama pembeni, nimwambie hoteli nzuri, wageni wengi. Nikamwambia.

Mwezi wangu wa nne pale akaletwa mwanamke wa Tanga, fundi wa cherehani. Alipoingia chumbani akasikia nikizungumza. Akasimama. Akauliza, "Wewe ndiye dada wa Chiang Mai?"

Sauti yangu aliijua. Nilikuwa nimemtumia ujumbe wa sauti, nikimcheka kwa uoga wake, nikimwambia nauli ya ndege hoteli itamlipia.

Alinirukia. Akanishika nywele, akanigonga kichwa kwenye ukingo wa meza, mara mbili, na mara ya pili nyusi ikapasuka. Wala sikujitetea. Walinzi waliona kitu cha kuchekesha. Wakamng'oa, wakamlaza kifudifudi sakafuni, mmoja akamkalia miguu. Mwengine akaja kwangu na bomba. Akaniwekea mkononi.

Msimamizi akatafsiri huku akitazama ukuta. "Wanasema umpige wewe. Usipompiga, watampiga wao."

Nimesimulia habari hii mara nyingi, na kila nikifika hapa natamani kuwe na njia ya pembeni. Haipo. Nilimpiga. Nilijidanganya kwamba mkono wangu utakuwa mwepesi kuliko wao. Pigo la kwanza lilikuwa jepesi, wakapiga kelele niongeze. Nikaongeza. Wakaongeza kelele. Kuna pahala katikati ambapo, ndugu zangu, nilikuwa napiga na nimekasirika kweli, namkasirikia yeye kwa kuja. Kwa nini ulikuja? Kwa nini uliniamini? Nilikuwa nayasema hayo kwa mdomo. Alipoacha kulia ndipo waliponinyang'anya bomba.

Asubuhi yake nilimkuta kwenye bomba la kufulia anaosha shati. Maji yalikuwa mekundu. Sikio lake moja lilikuwa halisikii tena, halisikii hadi leo. Nikataka kusema samahani. Akanikatiza.

"Haya, umenipiga. Huyo unayemwandikia leo, naye utampiga lini?"

Akaanika shati lake, akaenda zake.

Siku ile nilikuwa nikiandikiana na mwanamke wa Mombasa, muuza viazi karai, amebakisha kidogo tu kukubali. Akaniandikia, "Dada, mshahara huo ni wa kweli?" Nikalitazama swali lake kwenye kioo cha kompyuta. Kila tulichoandika kilipitishwa kwenye mashine ya kutafsiri, na wakubwa wakasoma kwa lugha yao. Nikafikiri, mashine inajua Kiswahili cha vitabuni. Lakini haikucheza nasi utotoni. Mnakumbuka kinyume, tulipokuwa wadogo, unaichukua silabi ya mwisho unaitanguliza mbele ili wakubwa wasikuelewe? Usije inakuwa jeusi. Nikaandika: "Jeusi. Gawanapi tuwa." Usije. Wanapiga watu.

Nikajua ameniona mwendawazimu. Kisha ikaingia: "Kou piwa?"

Uko wapi.

Niliinamisha kichwa nikajifanya nakohoa. Halafu nikamwandikia, kwa kinyume vilevile, mto, upande wa pili, idadi yetu, na namba ya simu ya mdogo wangu, tarakimu moja moja. Nikiwa katikati ya namba nikahisi mtu nyuma yangu. Alikuwa msimamizi. Mtu wa Pwani, naye aliyacheza hayo hayo. Alisoma mpaka mwisho. Akaniinamia kama ananikaripia, akasema neno moja: "Kahara."

Haraka.

Siku mbili baadaye walikagua mazungumzo, wakakuta maneno ambayo mashine imeshindwa. Wakatuita mimi na msimamizi. Wakamuuliza yeye, haya ni nini? Akawajibu bila kupepesa, "Ni lahaja ya Pemba. Huyu mama hajui Kiswahili sanifu. Anazungumza habari za mshahara." Hawakumwamini. Wakamlaza, wakamuuliza tena. Wakampiga nyayo, wakamuuliza tena. Mimi mkono wangu wa kulia ulikuwa juu ya meza, na kila alipojibu lahaja ya Pemba walishusha chuma juu ya vidole vyangu. Viwili vilivunjika. Naye, ambaye neno moja la kweli lingemwokoa, alisema lahaja ya Pemba, lahaja ya Pemba, mpaka alipopoteza fahamu wakamburura nje kwa miguu. Sikumwona tena. Nimeuliza kwa kila niliyemjua. Sijui kama yu hai.

Yule muuza viazi alikuwa amepiga simu London siku ile ile. Mdogo wangu, yule niliyemchoma kwa neno, aliacha kazi yake. Akaenda kwa mbunge wa hapa, akaandikia ubalozi, akakaa mlangoni mwa watu mpaka wakamzoea. Nyinyi wengine mliomo humu mlikwenda naye, nilielezwa. Siku ya kumi na mbili tangu vidole vivunjike, lori lilikuja. Wenye silaha wa upande ule walikuwa wamebanwa wawatoe baadhi ya wageni. Wakasoma orodha. Jina langu lilikuwamo. La mwanamke wa Tanga halikuwamo. Nikamshika mkono kwa mkono wangu mzima, nikamwambia mwenye orodha huyu ni mdogo wangu, siendi bila yeye. Akanipiga kitako cha bunduki begani. Nikarudia. Akachoka, akatusukuma wote wawili ndani.

Tuliwekwa kwenye kituo upande wa Thailand. Pale palikuwa na mama wa Kithai, mpishi, Kiingereza chake kidogo, akinifunga vidole kwa kitambaa safi kila siku. Siku moja nikamuuliza analipwa ngapi. Akasema elfu kumi na mbili kwa mwezi, na ana dada yake Chiang Mai, mhudumu wa hoteli, anapata kama hizo na posho kidogo. Chumba, chakula, pikipiki ya mkopo, na cha kumpelekea mama yao shamba, na mwisho wa mwezi hakibaki kitu. Akacheka. Akaniuliza, London je? Nikamweleza. Akasema, "Kumbe sawa sawa tu."

Nilirudi. Mwaka mzima sikuweza kushika simu ikilia. Binti yangu alikuwa akinishikia yeye, ananiwekea sikioni. Nililala kwa mdogo wangu, na niliomba radhi kwa lile neno, naye akanipa uji akaniambia nisile na machozi. Kwenye kikundi hiki chetu cha hapa ukumbini nilikaa wiki nyingi bila kufungua mdomo, na hakuna aliyenilazimisha. Mama mmoja wa Bukavu alinipikia kila Jumamosi bila kuniuliza lolote. Daktari alinisikiliza. Kwa polisi nilisema yote, na niliyoyatenda pia. Nakushukuruni. Namshukuru muuza viazi, ambaye angeweza kufuta ujumbe akaendelea na siku yake. Namshukuru msimamizi, popote alipo, juu ya ardhi au chini yake.

Na yule wa Tanga? Amerudi kwao, anashona. Nampigia simu kila mwezi. Mwezi uliopita nilimuuliza kama amenisamehe. Akasema, "Bado. Lakini nikiona ni wewe, napokea." Nimeridhika na hicho.

Funzo langu si kwamba watu wasisafiri. Sote humu tumesafiri. Nasema hivi: ukiletewa mshahara wa mji usioujua, usimuulize anayekupa kazi. Mtafute anayefagia mji huo, umuulize yeye anakula nini na kinabaki nini. Na ukiona bei ya kila kitu imepangwa vizuri mno, jua kuna mtu amekaa akakufikiria. Huenda ni mtu kama mimi, na nyuma yake amesimama mwenye bomba.

Basi. Nitakaa kwenye meza ile karibu na mlango mpaka ukumbi ufungwe. Mwenye tangazo kwenye simu yake, la Thailand, la Dubai, la popote, alilete tulisome pamoja. Usione haya, wala usiseme ni la rafiki yako.

Naona mmoja ameshasimama. Njoo, mdogo wangu. Njoo nalo.