Tayari ya Songea, Tayari ya Dodoma

Benchi letu liko Majengo, hapa Songea, ubavuni mwa duka la mabomba, na kahawa ya Hironimus hunywewa hapo bila kuulizana dini wala kabila. Jumamosi hiyo Remmy alikuja na kompyuta yake ya mapajani, kikombe hata hakukigusa. Shirika lake linachimba visima vijijini. Ofisi ya Songea inafuatilia kazi zake kwenye mfumo wake, makao makuu Dodoma wana mfumo wao, naye ameagizwa aioanishe, ili kazi ikibadilishwa huku ibadilike yenyewe na kule. Kilibaki kitufe kimoja. Akikosea, kuna kijiji kitakosa maji na yeye atakosa kazi.

Joachim, tunayemwita Hansadi kwa kuwa hakuna kikao asichokichangia, alidaka neno moja tu.

— Kuoanisha? Nani bwana, nani bibi?

Remmy akasema hizo ni programu, hakuna bibi. Hansadi akakataa. Kwao hakuna ndoa isiyo na mshenga, wala ndoa ambayo wote wawili wanabaki kwao. Lazima mmoja ahame. Kassimu Darubini, mfanyabiashara aliyehamia kutoka Tanga na ambaye huona hata yasiyokuwepo, akaongeza kwamba mifumo ikishaoana itazaa, na huyo mtoto ndiye atakayewafukuza watu ofisini. Akamwombea Remmy asiwe wa kwanza, inshallah.

— Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, akamalizia. Mfumo wa Dodoma ukija, wetu utapona.

— Wetu hauumwi, Darubini, akasema Remmy.

— Subiri mgeni afike.

Mimi redio nilijifunza kuzifungua mwenyewe, na maneno ya kuzunguka hunipandisha damu. Nikamwambia Remmy aachane na ndoa, aeleze alichofanya. Akaeleza: kila kazi ina alama ya hali yake, naye ameunganisha alama zenye jina moja. "Inaendelea" kwa "inaendelea". "Tayari" kwa "tayari".

— Majina yakifanana kuna tabu gani? akauliza.

— Hakuna, nikasema. Mambo manyoofu hayo. Bonyeza.

Kidole kiko njiani, akatokea Mama Walburga wa Mpitimbi, mjumbe wa kamati ya maji ya kijiji chao, kapu kichwani. Tukamwamkia shikamoo.

— Marahaba wanangu. Remmy, kisima chetu vipi?

— Kiko tayari, mama.

— Mungu mkubwa. Basi nikirudi nachota?

Remmy akakohoa. Hapana, akasema, kiko tayari kuchimbwa: mabomba yamefika, kibali kimetoka, gari la kuchimbia linakwenda wiki ijayo.

— Sasa hiyo tayari gani, mwanangu, ambayo ndoo haijai?

Hansadi akachungulia masimbi ya kahawa kikombeni mwake. Darubini hakuona kitu. Mimi niliyesema manyoofu nikajikuta nafuta benchi kwa kiganja. Remmy akafungua upande wa Dodoma, akatazama kazi zilizowekewa "tayari". Kila moja ina picha ya maji yakitoka na mwenyekiti wa kijiji akikata utepe. Kwetu tayari ni ya kuanza. Kwao, kwa picha zile, ni ya kumaliza. Angebonyeza, Dodoma wangeamini Mpitimbi wanakunywa, na gari la kuchimbia lingepelekwa kijiji kingine, Lusewa.

Nikamwambia apige simu Dodoma pale pale. Akaweka spika tusikie wote.

— Kabla sijabonyeza, naomba kuuliza. Kazi ikiwa tayari, kwenu maana yake nini?

— Remmy, sisi tuko tayari tangu jana. Bonyeza.

— Tayari kuanza, au tayari mmeshamaliza?

Tukawasikia kule Dodoma wanaanza kuulizana, mmoja anasema kuanza, mwingine anasema kumaliza, na wa tatu, naapa, akaanza na "wahenga walisema".